Kabla Hamjashikana Uchawi, Pimeni Maji ya Jakuzi

*Baridi ya Nyanda za Juu Kusini inatufanya wengi tutamani maji ya moto ya kukaa wawili. Raha ipo, tena kubwa. Ila maji yasiyopimwa yanaleta vipele, na vipele vinaleta maneno.*

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye mifupa. Simu ikalia. Upande wa pili ni shoga yangu wa siku nyingi, mfanyakazi wa benki, anakaa Forest na mume wake. Analia.

"Shoga, mimi leo naondoka, naenda kwetu Tukuyu. Huyu mwanaume kaniletea ugonjwa."

Ugonjwa gani tena? Mume alikuwa amerudi Alhamisi kutoka Dar es Salaam kikazi. Ijumaa usiku wakajiachia kwenye jakuzi lao, lile la kujaza upepo walilolitega kibarazani. Shoga yangu akatoka, akaoga, akalala. Mume akabaki kwenye maji, akatoka usiku sana, akasinzia kwenye kochi na bukta yake mbichi. Jumapili kaamka na vipele vyekundu vinavyowasha, vingine vina usaha, kuanzia kiunoni mpaka mapajani.

"Pale palipofunikwa na bukta tu! Kwingine kote hana hata kimoja. Sasa niambie, hiyo ni nini kama siyo ya huko alikotoka?"

Mpenzi msomaji, hata mimi nilikosa jibu. Nikamwomba kitu kimoja: kabla ya kufunga begi, waende wote wawili kwa daktari. Wakaenda, wamenuniana njia nzima. Daktari akaangalia, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Wiki hii mmeoga kwenye maji gani?"

Kumbe mgoni ni bakteria

Vipele vile vinajulikana kwa madaktari. Vinaletwa na bakteria anayeitwa Pseudomonas, anayependa sana maji ya uvuguvugu yasiyo na dawa ya kutosha. Anaingia kwenye vitundu vya vinyweleo na kuvivimbisha. Huanza ndani ya saa chache au siku chache baada ya kuoga, na huwa vibaya zaidi pale nguo ya kuogelea ilipobana, kwa sababu nguo mbichi inamweka bakteria karibu na ngozi. Ndiyo maana bukta ya bwana yule ilichora mpaka kama ramani.

Si ugonjwa wa zinaa. Kwa mtu mwenye afya njema mara nyingi hupotea wenyewe ndani ya siku chache hadi wiki mbili, ingawa ukiona homa au vipele vinazidi, rudi kwa daktari. Shoga yangu alipona kwa kuwa alivua nguo mbichi na kuoga kwa sabuni mara tu alipotoka.

"Lakini maji yalikuwa meupe kabisa!" aliniambia baadaye. Na hapo ndipo tunapokosea wengi. Maji meupe na maji salama ni vitu viwili tofauti.

Watu wawili tu, mzigo wa mamia

Beseni la bafuni unalijaza, unaoga, unalimwaga. Jakuzi la kukaa maji ni mambo mengine. Maji yaleyale yanakaa wiki kadhaa, moto, yakizungushwa na pampu kupitia chujio. Kila mkiingia mnaacha jasho, losheni, mafuta ya nywele na mengine ya mwilini.

Fanya hesabu. Jakuzi la lita 1,000 likibeba watu wawili, ni sawa na kuingiza watu 750 kwa mpigo kwenye bwawa la kuogelea la mita 25 kwa 10 lenye kina cha wastani cha mita 1.5. Bwawa lenye watu 750 ungeingia? Ndiyo maana dawa inaisha haraka. Joto nalo linaimaliza, na mapovu yanaimaliza. Klorini uliyoweka wiki mbili zilizopita kabla ya safari, kama walivyofanya hawa wa Forest, ni kama hukuweka kitu.

Na kuna jambo zito kuliko vipele. Bakteria aitwaye Legionella naye anastawi kwenye maji ya vuguvugu, halafu mapovu yanampandisha hewani kwenye mvuke unaouvuta puani. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa maonyesho tu lilirusha mvuke wenye bakteria huyo. Watu zaidi ya 30 walifariki kwa homa ya mapafu. Wengi hawakuingia majini kabisa, walikuwa wanapita tu.

Songwe inatufundisha pH

Klorini peke yake haitoshi, lazima ipate mazingira ya kufanya kazi. Hapo ndipo inaingia pH, yaani kipimo cha ukali wa maji: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni upande wa magadi. Jakuzi linatakiwa kukaa kati ya 7.2 na 7.8.

Ukitaka kuielewa pH, fikiria Songwe. Magharibi mwa jiji la Mbeya, kwenye bonde la mto Songwe, kuna chemchemi za maji ya moto yanayotoka ardhini na chokaa iliyoyeyuka pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi, gesi ileile inayovunwa ardhini kule Rungwe kwa ajili ya soda na bia. Maji yakifika juu, gesi inaruka kama soda iliyofunguliwa. Ikishatoka, pH inapanda, chokaa inashindwa kukaa majini, inaganda na kuwa jiwe. Mawe hayo ya chokaa ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji Songwe.

Sasa jakuzi lako ni Songwe ndogo. Kila ukiwasha mapovu unaifukuza gesi hiyo, na pH inapanda taratibu hata kama hujaweka kitu. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, ukoko mweupe unashika kwenye chuma cha kupashia maji na kwenye mabomba, kama ule wa ndani ya birika. Pili, na hili ndilo kubwa, klorini inalegea. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko kwenye hali yake kali ya kuua wadudu. Ikifika 8, inabaki karibu robo tu. Unaweza ukamwaga dawa weee, na wadudu wakaendelea kula raha.

pH ikishuka sana nayo ni balaa lingine: macho yanawasha, ngozi inakauka, vyuma vinaliwa.

Mshenga wa maji

Wiki mbili baada ya sakata lile nilikuwa Iringa kwa wapenzi wengine, mume mhasibu, mke nesi, nyumba yao iko Gangilonga. Wao wamejengewa jakuzi la saruji kwenye veranda ya nyuma. "Kamwene!" wakanipokea, na kabla sijaonyeshwa maji nikaonyeshwa daftari la shule linaloning'inia kwa kamba mlangoni. Ndani yake kuna tarehe, pH, ualkali, klorini, na jina la aliyepima.

"Jiwe letu la Gangilonga wanasema linaongea," mwenye nyumba akanitania, "ila maji hayaongei, shemeji. Lazima uyapime."

Wanatumia karatasi za kupimia. Unachovya, unasubiri sekunde chache, unalinganisha rangi na zile za kwenye kopo. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Vipimo vimeandikwa ppm, ambayo ni sawa na miligramu kwa lita.

Wanaanza na ualkali, uwe kati ya 80 na 120. Ualkali ni kama mshenga: upande mmoja ukitaka kuruka ghafla, yeye anautuliza. Ukiwa mdogo, pH inayumba kwa kitu kidogo tu. Maji ya mvua, ambayo wengi wetu tunayakinga, ni laini na huwa na ualkali mdogo sana. Kuupandisha ni rahisi: bikaboneti ya soda, ile ya kuokea keki, siyo beking pauda na siyo hamira. Kwenye lita 1,000, gramu 17 hivi zinapandisha ualkali kwa 10.

Ukishatulia ndipo wanarekebisha pH. Jakuzi lao la saruji linawasumbua zaidi, kwa sababu saruji nayo inatoa chokaa na kusukuma pH juu. Wanaishusha kwa asidi ya unga ya mabwawa, kidogo kidogo, wakipima tena kila mara. Tafadhali usijaribu ndimu wala siki, maana utakuwa unawaongezea wadudu chakula.

Mwisho ndipo klorini, isipungue 3 na isizidi 5. Kwa unga wa klorini wa asilimia 65, gramu 5 hivi kwenye lita 1,000 zinapandisha kwa 3. Wanaotumia bromini wahakikishe haipungui 4. Na ukisikia harufu kali ya "dawa nyingi", usidanganyike. Mara nyingi hiyo ni klorini iliyochoka, imeungana na jasho na mkojo. Maji hayo yanataka dozi kubwa na kuachwa wazi yapumue, mtu asiingie mpaka kipimo kirudi mahali pake.

Jumatano anapima mume, Jumamosi mke, na kila wanapotaka kuingia wanapima klorini na pH tena. Umeme ukikatika usiku kucha, pampu inasimama, maji yanapoa polepole kwenye joto lilelile wanalolipenda wadudu, kwa hiyo asubuhi hakuna kuingia bila kupima.

"Ni dakika kumi tu," mke akasema. "Na humu ndani hatuulizani uliweka dawa, hukuweka. Tunasoma daftari."

Dawa si mchezo

Usichanganye klorini na asidi hata siku moja. Inatoka gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Aina mbili tofauti za klorini nazo usizichanganye zikiwa kavu, zinaweza kuwaka moto. Dawa ndiyo inatiwa kwenye maji, siyo maji kwenye dawa. Zihifadhi pakavu, mbali na watoto, na usinunue unga usio na lebo eti kwa kuwa ni bei poa.

Joto lisizidi nyuzi 40. Mama mjamzito aongee kwanza na daktari wake, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye matatizo ya moyo au presha vilevile. Watoto chini ya miaka mitano, hapana. Na wanaotafuta mtoto, bwana apunguze kukaa majini: joto linapunguza mbegu za kiume kwa muda, na kurudi hali ya kawaida huchukua kama miezi mitatu. Bia, waini au ulanzi viwasubiri mtakapotoka, kwani pombe na maji ya moto vinaweza kukulaza usingizi ambao hutaamka.

DONDOO ZA KUBANDIKA UKUTANI

• Ogeni kwa sabuni kabla ya kuingia, bila losheni wala mafuta.
• Pimeni kabla ya kila kuingia: pH 7.2 hadi 7.8, klorini 3 hadi 5.
• Ualkali 80 hadi 120. Rekebisha huu kwanza, kisha pH, mwisho klorini.
• Suuza chujio kila wiki. Funika maji yasipotumika.
• Lita 1,000 zikitumiwa na watu wawili kila siku, mwaga na kusugua baada ya wiki sita hivi.
• Mkitoka, vueni nguo mbichi na mwoge tena.
• Mkisafiri, msiamini maji mliyoyaacha. Tieni dawa, zungusheni, pimeni.

Na wale wa Forest? Begi halikufika Tukuyu. Walimwaga maji yote, wakasugua jakuzi, wakanunua karatasi za kupimia, na vipele vikaisha ndani ya wiki moja. Lakini shoga yangu aliniambia jambo ambalo bado ninalo moyoni. Mume wake hakulalamika juu ya vipele hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba maji yalitazamwa kwa macho yakaitwa safi, na yeye akatazamwa kwa macho akaitwa mchafu, na hakuna aliyepimwa kati yao.

Siku hizi na wao wana daftari mlangoni. Ukurasa wa kwanza mke ameandika kwa mkono wake, kabla ya tarehe na pH: "Nisamehe, baba." Chini yake mume amejibu: "Yameisha. Leo zamu yako kupima."