Swichi ya rimoti ni ya taa, friza iache

Luapula ni kati ya mikoa ya Zambia inayoteswa zaidi na malaria. Mtu wa Chienge, wilaya ya huko, akishaingia kitandani na kukunjia chandarua chini ya godoro, hana hamu ya kukifungua tena kwa ajili ya kuzima taa. Hapo swichi ya rimoti inafaa kweli: kisanduku unachokichomeka kwenye soketi, taa ya mezani inachomekwa juu yake, na kitufe kimoja kinamaliza kazi. Kwa mzee anayetembea kwa mkongojo, hiyo si anasa hata kidogo.

Rimoti ya televisheni hutumia mwanga usioonekana, ndiyo maana mtu akipita mbele hukatika. Rimoti ya swichi hii hutumia mawimbi ya redio, nyingi kwenye megahezi 433, na hupenya ukuta. Kisandukuni mna relei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ule mlio wa "tak" ni wake. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York boti dogo aliloliongoza kwa redio. Wavuvi wa Ziwa Mweru, hukohuko Luapula, wangemwelewa upesi.

Kabla ya kulipa, soma maandishi ya mgongoni. Yakisema ampea 10 kwa volti 230, mwisho wake ni wati 2,300. Taa, feni na televisheni hazifiki hata robo yake. Birika la umeme laweza kupita kiwango hicho, na kisanduku kikaanza kuyeyuka. Jiko la umeme na pasi navyo usivichomeke hapo. Kumbuka pia kwamba kisanduku hakilali, kinasubiri amri usiku na mchana. Kikila wati moja tu, kwa mwaka ni karibu uniti 9 za mita yako.

Lakini hatari kubwa mwambao wa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi mpakani na Pweto ya Kongo, ni friza ya samaki. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, Zambia ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Sasa, swichi nyingi za bei nafuu hazikumbuki zilikuwa katika hali gani: umeme ukikatika na kurudi, zenyewe hubaki zimezimwa. Taa ya chumbani ikibaki hivyo, hasara iko wapi? Friza ikibaki hivyo usiku kucha, na mwenyewe amelala akijua umeme umerudi, asubuhi anakuta samaki wameoza. Isitoshe, mota ya friza inapoanza huvuta umeme mwingi ghafla kuliko inapoendelea kufanya kazi, na relei ndogo huungua kwa mtindo huo. Kwa hiyo friza ichomekwe moja kwa moja ukutani, au kwenye kilinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuiwasha.

Ukiwa dukani mwombe muuzaji aijaribu mbele yako: achomeke taa, aiwashe kwa rimoti, azime soketi ya ukutani kisha aiwashe tena. Utaona kama taa inarudi yenyewe. Na ulizia betri ya rimoti, kwa sababu nyingi hutumia zile ndogo ambazo si kila kioski kinaziuza. Chukua ya akiba siku hiyohiyo.