Je, Wajua? Heri tapeti inayolia

Bodaboda ikipita Chechelesi, Isiolo, ikilia tiki-tiki, usimcheke mwenye nayo. Tapeti iliyolegea hupunguza nguvu, maana valvu huchelewa kufunguka na kuwahi kufunga, lakini angalau unaisikia. Iliyokazwa kupita kiasi hunyamaza kimya; valvu ya ekzosi haikai sawasawa kwenye kiti chake, joto halipati pa kutokea, nayo huungua. Kwa mfano, Peugeot 504 ya kawaida, injini ikiwa baridi, hupewa nafasi ya milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza na 0.25 kwa ekzosi, inayopata moto zaidi. Kamshafti nayo huzunguka mara moja krenkshafti ikizunguka mbili. Cheni ikiruka jino moja tu, taimingi imeharibika.