Usiku wa Mzee Mwenye Kutetemeka

Usingizi ni neema ambayo mwenye nayo haijui thamani yake mpaka impotee. Mwezi huu twapenda kusema nanyi, wazee kwa vijana, khabari ya watu walionyang'anywa neema hiyo na maradhi ya kutetemeka. Matabibu huyaita maradhi ya Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1817. Na karne nyingi kabla yake, tabibu wetu Ibn Sina alikwisha andika juu ya kutetemeka kwa viungo.

Ndani ya ubongo mna chembe zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini, ambacho kwacho mwili hupata kwenda kwa wepesi. Chembe hizo zikifa, mkono hutetemeka ungali umetulia, hatua hufupika, uso hukosa cheko, na sauti hufifia. Hayo huonwa na kila mtu mchana. Ya usiku huonwa na watu wa nyumbani peke yao. Dawa ikipungua nguvu, mgonjwa hukakamaa kitandani asiweze kujigeuza, na mara nyingi huamka kwenda haja ndogo. Wengine hupiga kelele, wakarusha ngumi na mateke hali wamelala. Mtu mzima aotapo ndoto, viungo vyake hulegezwa visiende. Kwa hawa kifungo hicho kimefunguka, nao huzitenda ndoto zao. Jambo hili laweza kutangulia miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka.

Hapa ndipo penye khatari kwetu sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria, tangu Mwanza mpaka Magu, Sengerema na Ukerewe. Mzee apigaye kelele usiku, na mchana uso wake haucheki, huambiwa upesi kuwa ana jini, au kuwa yeye mwenyewe ni mchawi. Nasi twajua kuwa katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, hata kwa sababu ya wekundu wa macho tu. Basi kulijua jina la maradhi haya si elimu ya kujipambia. Huenda kukaokoa roho ya mtu.

Na wasiojulikana ni wengi. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 160,000, wakatangaza matokeo mwaka 2008. Waliona wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajapata kuambiwa wanaumwa nini.

Wako wauliza juu ya waya utiwao ubongoni. Khabari hiyo ni kweli. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, Daktari Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kuzuia mtetemeko kwa njia hiyo. Nyaya nyembamba hupitishwa mpaka ndani ya ubongo, zikaunganishwa na chombo chenye betri kiwekwacho chini ya ngozi ya kifua, nacho hupeleka umeme mdogo usiku na mchana. Wengi waliofanyiwa hulala vizuri zaidi, kwa kuwa ukakamavu hupungua wakaweza kujigeuza. Lakini waya hauondoi maradhi yenyewe, wala kwa kawaida haukomeshi zile ndoto za ngumi na mateke. Tena si kila mgonjwa aufaao, na gharama yake ni maelfu mengi ya dola.

Je, asiyeweza kuufikia akae akingoja mauti? La. Mpelekeni hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Bugando, na mumweleze daktari khabari za usiku pia. Iko dawa ya kumeza iitwayo levodopa, nayo hutaka kunywewa kwa saa zake. Ni vyema aimeze nusu saa kabla ya kula, kwani sato, dagaa, nyama na maharage huweza kuizuia isifanye kazi sawasawa. Mbegu za upupu nazo zina levodopa ndani yake, lakini msijipimie wenyewe, wala msimnunulie vidonge vya usingizi bila ya daktari.

Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa asiache dawa kwa ghafula, maana kuna khatari kubwa. Mgonjwa ana ruhusa katika sharia. Na aulize daktari wake na shekhe wake kabla mwezi haujaandama.

Kitanda chake kiwe cha chini, na vyombo vikali na taa viondolewe karibu naye. Arushaye ngumi alale peke yake, bila ya kutengwa kwa chuki, kwani hajui atendalo.

Nanyi vijana, mmoja wenu alale karibu na mzee huyo, amgeuze ubavu akakamaapo, amshike mkono aendapo msalani. Kazi hiyo haitaki dola wala safari ya Ulaya. Mlipokuwa wachanga, yeye aliamka usiku kwa ajili yenu. Sasa zamu ni yenu.

Wabillahi tawfiq.