Picha ya Msiba: Ushahidi au Fedheha?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri aibu za waja wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, siku si nyingi tulialikwa harusini Mosocho, katika kaunti ya Kisii. Alasiri, mvua ya huko ikinyesha kama ilivyo ada yake, lori liliigonga bodaboda katika barabara ya Kisii kwenda Kisumu, kisha likaenda zake. Msichana aliyekuwa amepakiwa alianguka kando ya lami, nguo zimempanda, damu ikimtoka. Tulipofika tuliwakuta watu wamekwisha mzunguka, na simu zimeinuliwa juu ya vichwa.

Mama mmoja mtu mzima alijipenyeza, akaivua leso aliyojitanda, akamfunika yule msichana, kisha akawageukia vijana: "Mwenye simu na aite gari la wagonjwa!" Wengi walizishusha simu kwa haya. Kijana mmoja alikuwa ameielekeza yake kwingine: alilipiga picha lori lilipokuwa likiondoka, hata nambari yake ikasomeka, na jioni aliipeleka kwa polisi.

Simu zilikuwa za namna moja, mahali pamoja, katika dakika moja. Picha ya kijana yule ilishuhudia dhulma. Picha za wenzake zilimvunjia heshima mja wa Mungu aliyekwisha vunjwa mguu. Na hizo ndizo zilizokwenda mbio. Mama mzazi aliuona uso wa mwanawe kwenye simu ya jirani kabla hajapata mtu wa kumwambia kwamba yu hai.

Hatusemi haya kwa kujitakasa. Miaka iliyopita sisi wenyewe tulisambaza picha ya maiti wa ajali, nia yetu ikiwa marehemu aombewe dua. Nduguye alitufuata msikitini, akatuuliza kwa upole: "Sheikh, dua ilihitaji uso wake?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Wanazuoni walihitilafiana kuhusu picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuzihalalisha. Wengine walizizuia ila kwa haja. Hatukusudii kuurejea mjadala huo. Tunalosema ni kwamba, picha ikiitwa ushahidi, basi na ifuate adabu za ushahidi. Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuuficha ushahidi. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kushuhudia kwa uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuihakikishe habari kabla ya kuitenda. Upande wa pili, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amsitiriye Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama. Mafunzo haya hayapingani. Ushahidi humfichua mdhalimu na kumwamsha mwenye uwezo wa kusaidia. Sitara ni haki ya aliyeumia.

Tunao mfano wa mwenzetu wa nchi hii. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha huko shirika lake la Camerapix. Hata safari ya Hija aliitolea kitabu cha picha mwaka 1978. Mwezi Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, akakuta maelfu wakifa njaa. Picha zake zilipoonyeshwa tarehe 23 Oktoba, ulimwengu uliokuwa umelala uliamka: chakula kilipelekwa, na mwezi Julai mwaka uliofuata lile tamasha kubwa la London na Philadelphia likafanywa ili kuwachangia wenye njaa. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, lakini hakuiacha kazi. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini Komoro. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wapo waliofanya hivyo ndani ya nyumba yetu wenyewe. Baada ya uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na Wagusii wengi waliofukuzwa Bonde la Ufa walirudi makwao mikono mitupu. Mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walizitandaza picha za siku zile barabarani katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, ili Wakenya wayatazame waliyotendeana wasiyarudie. Huko ndiko kushuhudia dhidi ya nafsi zetu.

Picha hizo zilikuwa chungu, na nyuso zilionekana. Lakini zilipigwa na watu waliokuwapo, waliojua walichokiona, na waliokuwa tayari kuulizwa. Sisi tunaopokea picha jikoni au kitandani, tukaituma kwa watu mia bila kujua ni ya nani wala ya lini, hatumo katika daraja hiyo.

Basi, akina mama na akina baba, tuwafunze wanetu kujiuliza mambo matatu kabla ya kidole kugusa simu. Kwanza, je, aliyeumia amekwisha saidiwa? Mkono wa kuokoa hutangulia mkono wa kupiga picha. Pili, picha hii inampeleka nani kwenye haki? Ikiwa ipo haki, ipelekwe kwa polisi, kwa hakimu au kwa mwandishi mwaminifu. Tatu, angekuwa huyu ni dada yangu, ningeridhia uso wake uonekane hivi? Jibu likiwa hapana, ifutwe, na dua iombwe kimya.

Yule mama wa Mosocho hatukulijua jina lake wala dini yake. Leso yake hakurudishiwa. Ilikwenda hospitali pamoja na msichana. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amsitiri kama alivyomsitiri mja wake, na atujaalie sisi na watoto wetu tuwe mashahidi wa haki, wala tusiwe watazamaji wa misiba ya wenzetu. Amin.