Albamu iliyowagawanya wasikilizaji: Kisa cha 'Discovery' ya Daft Punk

WAPENZI wa muziki wa densi wa kielektroniki hawajawahi kuafikiana kikamilifu kuhusu albamu iitwayo Discovery, ambayo vijana wawili wa jijini Paris, Ufaransa, waliitoa mapema mwaka 2001 kwa jina la Daft Punk. Wapo walioitupilia mbali baada ya kuisikiliza mara moja. Wapo walioinunua kwa pupa na ambao hawajaacha kuicheza hadi leo. Na lipo kundi la tatu, la wale walioikejeli mwanzoni, kisha miaka ikapita wakajikuta wakiitetea mbele ya watu kana kwamba hawakupata kuisema vibaya.

Kundi hilo la tatu lina mfano wake ulio dhahiri. Jarida la muziki la Marekani, Pitchfork, ambalo huchapishwa mtandaoni, liliipa albamu hiyo alama 6.4 kati ya 10 ilipotoka. Lilipoorodhesha albamu bora za mwongo huo mnamo 2009, liliiweka katika nafasi ya tatu. Hatimaye, Oktoba 2021, lilipopitia upya baadhi ya alama lilizowahi kutoa, likaipandisha hadi 10 kamili. Nyimbo zote 14 zilikuwa zile zile za mwaka 2001. Kilichobadilika ni masikio.

Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyotokea, yafaa kwanza tuwajue wahusika. Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo walikutana wakiwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari jijini Paris mwaka 1987. Walianza kwa kupiga gitaa katika bendi ya roki wakiwa na mwenzao wa tatu, na mwandishi mmoja wa gazeti la muziki la Uingereza aliposikia kazi yao, aliibeza kwa maneno mawili yenye maana ya upuuzi na kelele za panki. Vijana hao walikufa moyo kuhusu roki, lakini waliyaokota maneno hayo na kuyafanya jina lao. Kwa hiyo hata jina Daft Punk lenyewe ni maoni ya msikilizaji ambaye hakupendezwa.

Albamu yao ya kwanza, Homework, ilitoka mwaka 1997. Ilikuwa kazi ngumu na kavu, iliyotengenezewa chumbani kwa mashine chache, na ilifuata kanuni za muziki wa haus uliozaliwa katika vilabu vya watu weusi mjini Chicago, Marekani, katika miaka ya 1980. Kanuni ya msingi ni rahisi: ngoma kubwa hupigwa mara nne kwa mfuatano usiobadilika katika kila kipimo, na juu yake huwekwa kipande kifupi cha muziki ambacho hurudiwarudiwa. Asiyeuzoea huuona kuwa ni wa kuchosha. Anayeucheza hujua kwamba utamu wake umo katika mabadiliko madogo madogo.

Mojawapo ya mabadiliko hayo ni mbinu ambayo Wafaransa wa kizazi hicho waliifanya kuwa kitambulisho chao. Mtayarishaji huuchuja muziki hadi sauti zake nyembamba zitoweke, zibaki zile nzito tu zinazovuma kwa mbali. Kisha huzirejesha taratibu. Mfikirie mtu aliyesimama nje ya ukumbi wa harusi akisikia mtikisiko wa ngoma kupitia ukutani, halafu mlango ukafunguliwa ghafla na sherehe nzima ikamwangukia usoni. Furaha ya mlango huo kufunguliwa ndiyo ambayo wachezaji densi huingojea.

Waliopenda Homework walitarajia kitu cha namna hiyo tena. Badala yake, Novemba 2000 walipewa One More Time, wimbo wa kwanza kutolewa kutoka kwa albamu iliyokuwa njiani. Uliimbwa na Romanthony, mwimbaji na mtayarishaji kutoka New Jersey, Marekani, ambaye aliaga dunia mwaka 2013. Uliuzwa kwa wingi na kufika nafasi ya pili nchini Uingereza. Hata hivyo, wasikilizaji wengi wa muziki wa vilabuni waliukunjia uso, na malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi.

La kwanza lilihusu sauti. Daft Punk waliipitisha sauti ya Romanthony katika programu ya kompyuta iliyobuniwa kwa ajili ya kuwasaidia waimbaji wanaokosea noti. Programu hiyo, ikitumiwa kwa kiasi, haisikiki. Ikikazwa kupita kiasi, hukatakata sauti ya binadamu ikawa kama ya mashine inayoomba kuishi. Mwimbaji Cher wa Marekani alikuwa ameifanya hivyo mwaka 1998 katika wimbo Believe, na watu wengi walidhani ni mzaha wa msimu mmoja ambao ungepita. Kuirudia miaka miwili baadaye, tena kwa mwimbaji hodari kama Romanthony, kulionekana kuwa matusi. Walihoji: Mtu mwenye koo la dhahabu anafichiwa nini?

Bangalter alilijibu suala hilo kwa kukumbusha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 wanamuziki wa Ufaransa walitaka vinanda vya umeme vipigwe marufuku, kwa hoja kwamba vingewanyang'anya watu kazi. Kwake yeye, programu ile ilikuwa ala kama ala nyingine, ilimradi mtu ajue anaitafutia nini. Jibu hilo halikumridhisha kila mtu wakati huo. Leo, ambapo ni vigumu kufungua redio popote, iwe Nairobi, Lagos au Atlanta, bila kusikia sauti zilizopitishwa katika programu za aina hiyo, mabishano yale yana sura nyingine. Wanaoichukia mbinu hiyo bado wapo, na mwandishi wa makala haya hukaa upande wao mara nyingi. Lakini katika One More Time nakiri kwamba siwezi kuusikia wimbo huo ukiimbwa kwa sauti tupu. Mwimbaji anasherehekea huku sauti yake ikivunjika, na mvunjiko huo ndio unaouzuia usiwe tangazo la biashara la sherehe.

Lalamiko la pili lilikuwa zito zaidi kwa mashabiki wa dhati: kwamba albamu hiyo ilikuwa ya kitoto. Ndani yake mna gitaa la umeme linalolia kama la bendi za roki zilizokuwa zimeshapitwa na wakati. Sikiliza Aerodynamic, inayoanza kwa kengele na kupasuka kwa noti zinazokimbizana. Mna Digital Love, wimbo wa mapenzi ya ndotoni unaomalizika kwa sauti za gitaa zisizo na haya hata chembe. Mna Something About Us, ya polepole kiasi kwamba haifai kuchezewa klabuni kabisa. Kwa msikilizaji aliyejivunia ladha yake, mambo hayo yalikuwa yale ambayo kijana huacha kuyapenda anapofika umri wa kuona aibu.

Na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote. Bangalter alieleza katika mahojiano ya wakati huo kwamba walikuwa wakiurudia utoto wao, takriban miaka kumi ya kwanza ya maisha yao, wakati ambapo mtoto huupenda muziki kwa sababu anaupenda tu, bila kujiuliza kama unaheshimika. Kwa maneno mengine, albamu hiyo ilimtaka msikilizaji aweke kando hukumu zake, na mhakiki hulipwa kwa kutoa hukumu. Si ajabu kwamba wahakiki kadhaa walichelewa kuielewa. Tena utoto wa Bangalter haukuwa wa kawaida, kwani babake, anayefahamika kwa jina la Daniel Vangarde, alikuwa mtunzi na mtayarishaji wa nyimbo za disko, zikiwemo za kundi la Ottawan. Disko ambayo wengine waliionea haya, kwake ilikuwa chakula cha nyumbani.

Apendaye chongo huona kengeza, na wapenzi wa Discovery nao wana yao ya kujibu. Albamu hiyo hulegea katikati, na wimbo wa mwisho, Too Long, wa dakika 10, unaishi kulingana na jina lake. Sijakutana na shabiki anayeuruka One More Time, lakini wanaouruka huo wa mwisho ni wengi, na nadhani hawakosi kitu kikubwa.

Ni nini basi kilichobadilisha maoni? Filamu ya katuni ya Interstella 5555, iliyotengenezwa Japani chini ya usimamizi wa msanii Leiji Matsumoto na kuonyeshwa mwaka 2003, iliipa albamu nzima hadithi moja, ile ya wanamuziki waliotekwa nyara kutoka sayari nyingine na kufanywa bidhaa duniani. Watoto walioitazama wakakua na nyimbo hizo kama sehemu ya utoto wao wenyewe. Mnamo 2006, Daft Punk walipanda jukwaani katika tamasha la Coachella, California, ndani ya piramidi ya taa, wakachanganya nyimbo za Discovery na zile ngumu za albamu zao nyingine hadi mashabiki wa kambi zote mbili wakajikuta wakirukaruka pamoja. Mwaka uliofuata, Kanye West aliuchukua wimbo wao Harder, Better, Faster, Stronger na kuujengea juu yake Stronger, ulioongoza chati za Marekani. Kufikia Februari 22, 2021, Daft Punk walipotangaza kwamba wamevunja kundi lao, kizazi kilichoisikia Discovery kikiwa na umri wa miaka minane au kumi ndicho kilichokuwa kikiandika uhakiki magazetini.

Lipo, hata hivyo, lalamiko la tatu, ambalo miaka haikulifuta bali ililiongezea uzito. Linahusu vipande vya nyimbo za watu wengine.

Sehemu kubwa ya Discovery imeshonwa kwa viraka. Mtayarishaji huchukua sekunde chache za rekodi ya zamani, akazikata, akazipanga upya na kuzirudia hadi zikazaa wimbo mwingine. Harder, Better, Faster, Stronger umejengwa juu ya wimbo wa Edwin Birdsong wa mwaka 1979. Mwanzo wa Digital Love ni wa George Duke, wa mwaka huo huo. Wasikilizaji walipoanza kuziweka rekodi hizo za asili kando ya nakala zake, baadhi yao walihisi wamedanganywa: kumbe kile walichokisifu kama ubunifu kilikuwa cha mtu mwingine! Wengine walijibu kwamba fundi cherehani halazimiki kufuma kitambaa mwenyewe. Kwa maoni yangu, walio upande huu wa pili wana haki kuhusu sanaa. Ukisikia jinsi kipande kidogo cha Birdsong kilivyogeuzwa, huwezi kusema hapakufanyika kazi.

Lakini sanaa ni jambo moja na malipo ni jambo jingine. Tarumbeta zinazofungua One More Time zinatokana na More Spell on You, wimbo wa mwaka 1979 wa Eddie Johns, mzaliwa wa Liberia aliyekwenda Paris kutafuta riziki ya muziki. Vipande vyake vilikatwa vidogo na kupangwa upya kwa ustadi mkubwa, hivi kwamba kwa miaka mingi mashabiki walibishana kama kweli vilitoka huko.

Mei 2021, miezi mitatu baada ya Daft Punk kuachana, gazeti la Los Angeles Times liliripoti kwamba Johns alikuwa akiishi Los Angeles, akiwa ameugua kiharusi na kupitia kipindi cha kukosa makao, na kwamba hakuwa amepata hata senti moja kutokana na wimbo huo uliochezwa katika kila pembe ya dunia. Upande wa Daft Punk ulieleza kuwa malipo yalikuwa yakitolewa kwa kampuni ya Ufaransa iliyomiliki haki za rekodi hiyo. Kampuni hiyo nayo, baada ya kuulizwa na gazeti, ikasema ingeanza kumlipa mzee huyo.

Msomaji akichunguza maelezo yaliyochapishwa pamoja na albamu hiyo mwaka 2001, atakuta shukrani kwa wenye nyimbo nne ambazo vipande vyake vilitumika: George Duke, Edwin Birdsong, Barry Manilow na kundi la Little Anthony and the Imperials. Jina la Eddie Johns halimo.