Kidoti cha Nusu Milimita: Rekodi za Bunduki ya Upepo kwa Mlengaji wa Tunduma

Kumi ya bunduki ya upepo ni kidoti chenye kipenyo cha nusu milimita. Risasi inayokitafuta ina kipenyo cha milimita 4.5, mara tisa ya kidoti chenyewe. Mlengaji husimama mita 10 kutoka hapo bila kuegemea kitu, mikononi ana bunduki isiyozidi kilo 5.5, na duara zima la shabaha, kuanzia alama ya 1 hadi ya 10, halifiki sentimita 5. Hakuna shabaha ndogo kuliko hii katika Michezo ya Olimpiki. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tunduma uliyenunua bunduki mpya, ukatenga kopo la soda hatua kumi na ukalitoboa, bado hujaipima.

Siku hizi mitambo haihesabu kumi tupu. Kumi imegawanywa kuanzia 10.0 hadi 10.9, na kila hatua ni robo milimita. Tarehe 29 Julai 2024, katika uwanja wa Châteauroux nchini Ufaransa, kijana wa China Sheng Lihao alipiga risasi 24 za fainali na kupata 252.2, rekodi ya Olimpiki. Gawanya mwenyewe: kila risasi ina wastani wa 10.5. Maana yake ni kwamba kitovu cha risasi yake kilitua, kwa wastani, zaidi kidogo ya milimita moja kutoka katikati ya shabaha. Mara ishirini na nne, akiwa amesimama, moyo ukimdunda.

Siku hiyohiyo wanawake walitoa fainali finyu kuliko nyingi. Ban Hyojin wa Korea Kusini, binti wa miaka 16, na Huang Yuting wa China walimaliza wakiwa sawa kwa 251.8. Ikaongezwa risasi moja moja. Huang alipata 10.3, Ban akapata 10.4. Hatua moja ya robo milimita ikatenganisha dhahabu na fedha, na Korea Kusini ikahesabu dhahabu yake ya 100 katika Michezo ya Majira ya Joto.

Ninachokipenda katika namba kama 252.2 na 251.8 ni kwamba hakuna hata moja iliyotokana na risasi moja nzuri. Risasi moja nzuri inaweza kumtoka hata mtu asiyejua kushika kitako. Rekodi ni kurudia, na bunduki mpya nayo ipimwe kwa kurudia.

Tundika karatasi mita 10. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, ulenge nukta ileile, upige tano. Hata kama zote zinatua pembeni usiguse kilengeo wala darubini. Hayo yatarekebishwa baadaye. Unachotafuta kwanza ni ukaribu wa matundu. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali nalo zaidi, kisha toa milimita 4.5. Hapo umepata upana wa kundi, kitovu kwa kitovu. Karatasi moja haitoshi, kwa sababu risasi tano zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Piga makundi kadhaa, chukua wastani, na lile kundi baya usilitupe. Wauzaji na wenye kujisifu huonyesha kundi lao dogo kuliko yote. Bunduki inajulikana kwa yale makubwa.

Kisha badilisha risasi. Mtutu mmoja huipenda aina hii na kuikataa ile, na hakuna anayeweza kukwambia mapema. Risasi za mashindano zina uzito wa karibu gramu 0.53, lakini ndani ya kopo moja, hasa la bei ya chini, uzito hupishana. Mkoa wa Songwe una bahati hapa. Mizani midogo ya dijitali wanayotumia wanunuzi wa dhahabu kule Mkwajuni na Saza inatosha kabisa kutenga zinazolingana.

Upepo wenyewe una historia yake: bunduki ya upepo ya zamani kuliko zote iliyobaki imehifadhiwa Stockholm, katika makumbusho ya Livrustkammaren. Ni ya mwaka 1580 hivi, na iliendeshwa kwa mivukuto. Ile iliyomchosha mwenyewe kuliko zote huenda ni ya Girardoni, iliyoingia katika jeshi la Austria mnamo 1780: kuujaza mtungi wake kulihitaji kupampu takribani mara 1,500, ila ukishajaa ulirusha risasi thelathini hivi bila moshi. Lewis na Clark walisafiri na bunduki ya namna hiyo wakivuka bara la Marekani kati ya 1804 na 1806.

Za leo bado zinategemea hewa iliyobanwa, lakini njia hutofautiana, na tofauti hiyo inagusa upimaji. Ya mtungi hutulia. Ya springi hutikisika mbele na nyuma kabla risasi haijatoka mtutuni, hivyo ukiibana kwa nguvu kundi litatawanyika na utaisingizia bunduki. Ishike kilegevu, mkono ukae palepale kila mara. Ikiwa mpya, risasi zake za mwanzo hutoa moshi kwa sababu ya mafuta ya kiwandani, zipige, usizihesabu.

Kitu kizito kuliko vyote kilichotua Songwe kutoka angani kiko Ndolezi, wilayani Mbozi. Kimondo kile kina urefu wa mita 3 hivi, asilimia 90 yake ni chuma, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12, wengine husema 16. Kwa kadirio dogo ni sawa na risasi za upepo zaidi ya milioni 22. Nakitaja kwa sababu hewa hutoza ushuru kila kinachopita ndani yake, na chepesi ndicho kinachoumia zaidi. Risasi ya mashindano hutoka mtutuni kwa mita 170 hivi kwa sekunde; kwenye mita 10 hilo linatosha, lakini ukienda 25 au 50 imeshachoka, na upepo mdogo tu unaisukuma. Kwa hiyo umbali huo upimwe alfajiri, kabla upepo haujaamka. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya mwambao wa Ziwa Rukwa, ambao uko kwenye mita 800 hivi. Bunduki uliyoilenganisha mjini kwa mita 50 ikaguliwe upya ukishuka nayo kuelekea ziwani.

Usalama hauna mjadala. Weka nyuma ya shabaha kitu kinachomeza risasi, vaa miwani kwa sababu risasi hudunda, na nawa mikono kwa sababu risasi hizi hutengenezwa kwa madini ya risasi, yenye sumu. Kamilisha suala la kibali polisi kabla ya kuanza. Kuvuka nayo mpaka kwenda Nakonde bila karatasi ni kujitafutia kesi.

Baada ya mfuko wa mchanga, simama. Mchujo wa Olimpiki ni risasi 60 ndani ya saa moja na robo, na alama ya juu kabisa inayowezekana ni 654. Medali zote mbili za Tanzania katika Olimpiki zililetwa na miguu ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Lakini kulenga nako kunaweza kuleta ya kwanza: India ilisubiri hadi Beijing 2008 kupata dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja, na aliyeileta ni mlengaji wa bunduki ya upepo, Abhinav Bindra. Aliingia risasi ya mwisho akiwa sawa na Henri Häkkinen wa Finland. Bindra akapiga 10.8, Häkkinen akapata 9.7 na kushuka hadi shaba.

Na risasi ghali kuliko zote? Athens 2004, fainali ya mita 50, Mmarekani Matthew Emmons aliongoza kwa pointi tatu ikabaki risasi moja. Ilipata shabaha, ila ya jirani yake. Akapewa sifuri, akawa wa nane. Ukitundika karatasi zaidi ya moja, ziandike namba kubwa.