Blanketi la Viraka: Msaada Usioaibisha

Baridi ya Julai huko Limuru na Kinangop haimhurumii mzee anayelala peke yake. Vikundi vingi vingependa kusaidia, ila blanketi la dukani ni ghali. Na huku mafundi wa nguo sokoni wanatupa vipande vya vitambaa kila siku! Tukiviunga, tuna blanketi.

Lakini tukumbuke jambo moja. Msaada sio mahali pa kutupia takataka. Blanketi likifumuka mara ya kwanza kufuliwa, mwenye shida ameachiwa aibu badala ya joto. Basi tushone kama tunawashonea watoto wetu.

1. Kuchagua. Unganeni pamba na pamba, nzito na nzito. Fulana na vitambaa vingine vya kuvutika wekeni kando, maanake mshono utajikunja. Kitambaa kinachopasuka ukikivuta kwa mikono kimechoka, kiacheni.

2. Kufua. Fueni vipande vyote kabla ya kukata. Pamba mpya hurudi ikifuliwa, na rangi nyingine hutoka. Kandamizeni kipande kibichi juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, msikitumie.

3. Kukata. Kateni katoni iwe mraba wa sentimita 17 kila upande. Hicho ndicho kipimo cha kikundi chote. Kila mtu akikata kwa macho, viraka havitakutana.

4. Kuunga. Laza viraka viwili, uso kwa uso, ushone sentimita 1 kutoka ukingoni. Kama hakuna cherehani, shona kwa mkono ukirudi nyuma kidogo kila unapochoma sindano. Mshono huo haufumuki upesi. Viraka 6 ni mstari mmoja. Mistari 7, yaani viraka 42, hutoa sentimita 90 kwa 105, zinazomtosha mtoto wa miaka miwili au mitatu. Kwa mtu mzima, mistari 13 ya viraka 10 hutoa sentimita 150 kwa 195. Pigeni pasi.

5. Kupanga tabaka. Chini tandazeni shuka kuukuu lakini imara, lililozidi sentimita 5 kila upande. Katikati wekeni blanketi lililochakaa, juu viraka. Hewa inayonaswa kati ya tabaka hizi ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke.

6. Kufunga. Pale pembe za viraka vinne zinapokutana, pitisheni uzi mnene hadi chini, urudi juu, mfunge fundo mara mbili. Bila mafundo, tabaka la katikati litajikusanya upande mmoja. Kisha kunjeni ukingo wa shuka mara mbili juu ya viraka, mshone kuzunguka.

Blanketi la kwanza lifueni wenyewe, mlianike, mlikague. Palipoachia, rekebisheni, na mengine mshone vizuri zaidi.

Nani apewe? Amueni pamoja kwenye mkutano, na katibu aandike kwenye daftari ni mangapi yametoka na yamekwenda wapi. Hivyo hakuna atakayenung'unika kwamba jamaa za viongozi ndio wamefunikwa. Mkimpelekea mzee, mpelekeeni nyumbani kwake kwa heshima, sio mbele ya umati.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.